Sikwenda Leicester

Nasra mwanangu,

Salamu za mbali hazina kazi leo, maana uko juu ya kichwa changu, chumbani kwako, na nakusikia ukilikalia sanduku ili lifunge. Mama yako amekwisha kukuambia yote ya koti, ya nyama ya halali, ya kutotoka nje na nywele mbichi. Huko sina la kuongeza. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, chai imepoa, nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kiwandani. Kinajua spana na zamu na mapumziko, jambo hili hakiliwezi. Soma polepole. Neno likikushinda muulize mama yako, ingawa yeye atakupa la Nairobi.

Nataka ujue kwamba ile wikiendi niliyosema nakwenda Leicester kumsaidia rafiki yangu kuhama, hakuna aliyehama. Sikwenda Leicester. Nilikwenda Leipzig.

Usikasirike kwanza. Kasirika ukimaliza kusoma.

Mimi naogopa, Nasra.  Unakumbuka siku ulipopata jibu kwamba chuo cha muziki kimekuchukua? Ulipiga kelele kwenye ngazi, mama yako akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta, na mimi nikatoka nje kukata majani ya bustani. Mvua ilikuwa inanyesha. Baadaye ukaniuliza, "Baba, hukufurahi?" Nikakwambia majani yamekuwa marefu.

Unajua kwamba nilisoma Ujerumani ya Mashariki. Hukupata kujua ni mji gani, kwa sababu kila ulipouliza nilibadilisha mazungumzo. Kwa hiyo ulipoutaja Leipzig pale mezani, ukasema ndio mji wa muziki kuliko miji yote, kwamba walimu wa selo, hiyo fidla yako kubwa, wa huko hawana mfano, mama yako hakukutazama wewe. Alinitazama mimi.

Umekua ukiviona vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto ambavyo havinyooki. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukivivuta, ukidhani ukivuta sana vitanyooka. Nilikwambia vilibanwa na mashine. Hakuna mashine iliyonibana.

Serikali ilitupeleka kule vijana kadhaa kutoka Unguja. Mimi nilipangiwa ufundi wa mitambo ya kuchapia vitabu. Nilikuwa na umri kama wako sasa, na nilikuwa sijawahi kuvaa jozi mbili za soksi kwa pamoja. Hosteli yetu ilikuwa na baridi ya kupasua mifupa. Chumba cha pili alikaa Armindo, Mmsumbiji, yeye alikuwa kule kwa mkataba wa kazi. Tulizungumza Kijerumani, kibovu chake na kibovu changu. Jumamosi moja akaniambia, "Njoo, kuna mahali pa joto na hawatozi kitu." Akanipeleka kanisa kubwa la katikati ya mji. Nikasimama mlangoni, nikamwambia mimi ni Mwislamu.

"Kwani Mwislamu hasikii baridi?" akasema.

Tukakaa nyuma kabisa. Wavulana wa kwaya wakaanza kuimba, wako juu nyuma yetu, hatuwaoni. Chini ya sauti zao kulikuwa na kitu kinavuma, nikakitambua kabla sijajua ninakitambua. Selo. Ami yangu, ndugu yake baba, alikuwa akipiga selo kwenye kikundi cha taarabu kwetu, na mimi utotoni nilikuwa nikisinzia karibu na mguu wake wakati wa mazoezi. Nikafumba macho, nikawa nyumbani Unguja, mtaani Vuga, nasikia hata harufu ya ubani. Tangu siku ile kila Jumamosi tulikwenda. Niliupenda mji ule, Nasra. Sijawahi kumwambia mtu hilo, maana baada ya yaliyotokea niliona aibu kwamba niliupenda.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka watu walicheza barabarani, nasi tukacheza nao. Kisha viwanda vikaanza kufungwa, na watu waliokuwa wakitusalimia wakaanza kutuuliza tunarudi lini kwetu.

Ilikuwa mchana, jua linawaka, watu wanatoka sokoni na mifuko yao. Mimi na Armindo tulikuwa ndani ya tramu, ile treni ya barabarani, tunatoka kanisani. Wakapanda vijana, vichwa vimenyolewa, miguuni mabuti. Mmoja akamwambia Armindo, "Inuka. Hicho kiti si chako." Armindo akacheka, kwa sababu viti vitupu vilikuwa tele mle ndani, alidhani ni mzaha. Wakampiga cheko likiwa bado mdomoni. Mimi walinivuta kuelekea mlangoni. Nikashika nguzo kwa mkono wa kushoto, nikaing'ang'ania, wakaupiga ule mkono kwa buti mpaka nikaachia. Tulipodondoka kwenye kituo niliinua uso, nikamwona dereva kwenye kioo chake. Sura za wale vijana zimenitoka. Macho ya dereva ninayo mpaka leo. Alituangalia, akafunga milango, akaenda zake.

Hakuna aliyekufa. Nakwambia hivyo ili hofu yako isizidi kipimo. Armindo alipoteza meno ya mbele. Haukupita muda mkataba wake ukakatishwa, akarudishwa kwao. Aliponiaga alizungumza na kiganja mdomoni. Sijui alipo. Ami yangu, yule wa selo, alikuwa amekwisha kuhamia hapa Birmingham, nami nikamfuata. Selo yake aliiacha Unguja, na mimi nikashukuru Mungu kwa hilo.

Mtu aliyepigwa akiogopa, hana la kulaumiwa. Ninachojilaumu ni jinsi nilivyouacha ule woga ukaingia ndani ya nyumba yetu na kukaa kama mgeni asiyeaga. Mama yako alipoolewa na mimi alidhani napenda mazoezi, maana nilikuwa natembea kwa miguu kutoka nyumbani Kingstanding mpaka kiwandani Washwood Heath, mvua na theluji. Ukweli sikuweza kupanda basi. Milango ile ikijifunga nyuma yangu, pumzi inakata. Nilitembea hivyo mpaka tulipopata gari.

Kisha ukaja wewe, na siku moja ukarudi kutoka skuli unaburuta kasha jeusi kubwa kukuliko. Skuli nzima ina vyombo vyote vya dunia na wewe ukachagua kile. Ulipopiga sauti ya kwanza, mbaya kama mlango wenye kutu, nilishuka ngazi nikakaa garini. Ulidhani sipendi kelele. Ulipoanza kupiga kwenye kumbi za mjini nilikuwa nakupeleka, nakusubiri nje, nakurudisha. Mara moja tu niliingia, kwenye tamasha la Krismasi, nikatoka kabla ya nusu kwa sababu watu walikuwa wengi na milango imefungwa. Hukunialika tena. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipumua.

Lakini linaloniuma zaidi ni ile safari ya Ufaransa ya skuli. Nilikataa kusaini fomu ya ruhusa. Ulilia mchana kutwa, na mimi nikasema dini hairuhusu binti kusafiri vile. Dini haikuwa na neno lolote pale. Nilikuwa ni mimi na yule dereva na kioo chake. Nilikufanya ukasirikie kitu ambacho hakikukukosea, na nimeona mara nyingine unavyotazama pembeni nikiita kwa ajili ya sala. Hilo ni juu yangu. Usiliweke juu ya kingine chochote.

Sasa nirudi kwenye safari yangu. Magazeti miaka minne iliyopita, kabla ya Kombe la Dunia la Ujerumani, yaliandika kwamba kule mashariki ya Ujerumani kuna sehemu ambazo watu weusi ni bora waziepuke. Nilikata kile kipande nikakiweka ndani ya pochi. Nilikuwa nikikisoma kiwandani wakati wa chai. Ulipokubaliwa chuoni nikaamua nitakwenda mwenyewe, nitembee njia utakayotembea, niione nyumba utakayokaa, kisha nirudi na ushahidi wa kukuzuia. Kweli, hiyo ndiyo ilikuwa nia. Nilitaka kuwa na jambo la kusema ambalo wewe huwezi kulijibu.

Asubuhi ya kuondoka mama yako alinikuta natafuta kwenye droo.

"Unaenda Leicester na paspoti ya nini?"

Nikaifunga droo. Yeye hakupandisha sauti. Alinifungia chapati kwenye karatasi ya foili, akanipa, akasema, "Enda basi, ukaangalie hiyo kitu yako. Lakini ukirudi usimletee huyu mtoto woga wako kama zawadi."

Nilipanda ndege mpaka Berlin, kisha treni, macho nimeyafumba kila milango ilipofungwa. Stesheni ya Leipzig ni ileile, kubwa kama mji, ila sasa ina maduka chini yake na imesuguliwa mpaka inang'aa. Nikatoka nje, kituo cha tramu ki mbele yangu. Tramu ikaja, milango ikafunguka, watu wakashuka, watu wakapanda. Miguu yangu ikakataa. Ikaja nyingine. Mwanamke mwenye mtoto akanipisha nitangulie, nikampungia mkono kwamba sijambo. Kijasho kilikuwa kinanitiririka mgongoni na hali ya hewa ni ya sweta. Mwishowe nikaenda kwa miguu, mkononi nina anwani yako niliyoinakili nyumbani nikiwa peke yangu.

Nilimwogopa kila mtu njiani. Kijana mwenye mbwa, nikavuka barabara. Wazee wawili wamekaa na bia nje ya duka, nikavuka tena. Hakuna hata mmoja aliyenitazama.

Nyumba ni ndefu, ya zamani, ina mlango wa kijani. Nikasimama upande wa pili, naangalia madirisha, naangalia kama mlango una kufuli nzuri, nahesabu ni hatua ngapi mpaka kwenye taa ya barabarani. Mara akatoka bibi mmoja mwembamba na ndoo ya taka. Akaniona. Akaingia. Akatoka tena, safari hii hana ndoo, ana simu mkononi.

"Wewe," akasema kwa sauti inayotetemeka, "umesimama hapo muda mrefu unaangalia nyumba yangu. Ondoka, au nawaita polisi."

Nasra, nusu ya mwili wake ilikuwa nyuma ya mlango. Nilichukua muda kuelewa kwamba ninayeogopwa pale ni mimi. Nikainua mikono yote miwili juu, kama mwizi wa kwenye sinema, na Kijerumani changu cha miaka ile kikatoka chote kwa mkupuo: mimi ni baba wa Nasra, Nasra wa selo, nimekuja kuona atalala wapi, tafadhali usimwambie.

Bibi Lindner, ndiye mwenye nyumba wako, aliteremsha simu. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia. "Umetoka Uingereza," akasema, "ili kuangalia kitasa?" Nikasema ndiyo. Akasema kitasa kizuri, bawaba ndiyo inalia, ingia.

Pale jikoni kwake alikuwapo mjukuu wake, Katja, msichana wa rika lako. Nikiri nilishtuka. Rangi kama yako, nywele kama zako, na Kijerumani cha mji ule kinachoburuta maneno. Bibi yake akaeleza bila kuulizwa kwamba baba wa Katja alikuwa Mmsumbiji, alirudishwa kwao mtoto angali tumboni. Nikashika kikombe kwa mikono miwili. Nikamuuliza jina la baba yake. Akalitaja. Halikuwa la Armindo. Nilitamani liwe, kiasi kwamba nilimwomba alirudie.

Nikamwuliza Katja lile lililonipeleka. "Kuna hatari hapa?"

Alimtazama bibi yake kwanza, kisha mimi. "Ipo," akasema. "Si kila mahali." Akanieleza. Mtaa huu hauna neno. Kituo fulani, siku za mpira, usisimame, tembea mpaka kinachofuata. Vitongoji vya mwisho wa laini ya tramu, usiende peke yako. Alizungumza kama mtu anayekuonyesha barabara yenye mashimo. Nikamwuliza kama haogopi. Akacheka kidogo. "Naogopa nikiwa huko. Nikiwa hapa nakula keki."

Nimelifikiria jibu hilo kila siku tangu niliporudi. Mimi niliogopa Leipzig nikiwa Birmingham, nikiwa kitandani, nikiwa na wewe mapajani. Woga wangu haukuwa na mtaa wala saa. Wa yule msichana unajua unakaa wapi.

Katja akatazama saa ya ukutani, akasema anakwenda mjini, kanisani kuna kuimba, kama nataka kuona. "Tunapanda tramu mbele ya nyumba," akasema. Sikumwambia kitu. Tulisimama kituoni na nilikuwa nasema moyoni kwamba nitasingizia goti. Tramu ikafika. Akapanda, akageuka, akaona sikupanda. Hakuniuliza. Aliweka mguu wake mlangoni ili usifunge, akaendelea kunisimulia habari za mwalimu wake wa sauti kama vile hakuna kinachotokea, na dereva akapiga kengele, na watu wakageuza vichwa, na yeye anasimulia tu. Nikapanda. Mlango ukafunga. Nikashika nguzo.

Na ningependa kukwambia kwamba ilikuwa safari tulivu. Vituo viwili mbele wakaingia vijana watatu na skafu za timu. Mmoja akatuona, akatoa sauti, ile sauti ya nyani, wenzake wakacheka. Mwili wangu wote ukarudi nyuma miaka yote ile. Niliwatazama miguuni, nikitafuta mabuti. Walivaa raba. Katja alihamia kiti cha karibu na dereva, akanivuta sweta nikae naye, akageuza uso dirishani. Niliuona mkono wake, alikuwa ameukunja ngumi. Bibi mmoja mwenye kikapu akawaambia wale vijana kitu kifupi kikali, wakajibu kwa dharau, lakini wakanyamaza. Tukashuka kituo kimoja kabla.

"Huwa nashuka hapa," Katja akasema, "ikiwa hivyo." Akatembea kwa haraka, mpaka kona ya pili ndipo mabega yake yakashuka. Nikamwuliza tena, huu ujinga wangu, kwa nini anaendelea kupanda. Safari hii hakucheka. Akasema, "Kwa sababu mazoezi yako mjini."

Tukaingia kanisani. Nilikaa nyuma, palepale. Wavulana ni wengine kabisa, bila shaka, hata baba zao huenda walikuwa hawajaoa nilipokuwa nikikaa pale, na sauti ni ileile. Nilingoja nilie, au nikasirike. Nikalala, Nasra. Nililala usingizi mzito kama mtoto, kichwa kwenye nguzo, mpaka Katja akanigusa bega watu wakiwa wanatoka. Miezi mingi nilikuwa sijalala hivyo.

Niliporudi nyumbani nilikuwa bado na hotuba yangu ya kukuzuia. Nilikuwa na wale vijana watatu na sauti yao, ushahidi nilioutaka, tena mbichi. Ulinifungulia mlango ukaniuliza, "Leicester ilikuwaje?" na hotuba ikafika kwenye meno. Nikasema, "Mvua." Mama yako alikuwa nyuma yako, alinitazama muda mrefu, kisha akaenda kupasha chakula.

Siwezi kukuambia hakuna kitakachokupata. Nilikwenda nikaona, na kipo. Siwezi pia kukuambia ukiwa jasiri hawatakugusa, kwa sababu Armindo alikuwa jasiri kuliko mimi. Ninachojua ni kwamba mimi nilipigwa siku moja, kisha nikajifungia miaka yote iliyofuata, na hiyo miaka hakuna aliyeninyang'anya, niliitoa mwenyewe, na mingine niliyoitoa ilikuwa yako. Katja atakuonyesha mashimo yaliko. Msikilize. Siku ambayo tumbo lako litakwambia shuka, shuka, hata kama umechelewa, hata kama wenzako watakucheka. Na siku ya pili yake panda tena. Ukishindwa kupanda siku ya pili, usijifiche kama nilivyojificha mimi. Nipigie. Nitapanda ndege, safari hii bila kusingizia Leicester, na tutapanda pamoja. Ninaijua njia.

Sasa umelifunga sanduku, nasikia unacheka na mama yako. Kesho nitaendesha polepole kwenda uwanja wa ndege na utanung'unika kwamba tutachelewa. Huenda nisiseme kitu njia nzima. Usidhani nimekasirika.

Ukinipigia kutoka kule, usianze kwa kuniambia uko salama. Anza na ulichopiga siku hiyo, kigumu ni kipi, kizuri ni kipi, nami sitatoka nje kukata majani. Kama uko salama nitasikia mwenyewe kwenye sauti yako.

Naogopa, mwanangu. Gari nimekwisha kulijaza petroli.

Baba yako